Sentimita Sitini na Saba

Siku Haula aliporudi kutoka kozini na kumwambia mama yake kwamba wiki ile wataanza vista tatu, Bi Biubwa aliuacha ukili aliokuwa akiusuka, akamtazama.

"Vita vitatu?"

"Vista, mama. Vista. Ni Kireno. Ni pande za kukitazamia kitu."

"Hivi tulivyo navyo havijakutosha, unakwenda kusomea vingine."

Zuleica, mdogo wake Haula, msichana wa miaka kumi na minne, alicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Ilipogonga jiwe la mlangoni wote watatu wakanyamaza. Ndivyo ilivyo katika nyumba za Palma siku hizi: kwanza kishindo, kisha kimya, kisha macho yanautafuta mlango, na mwisho mtu mmoja anasema ni sufuria tu. Safari hii aliyesema alikuwa Bi Biubwa, na alisema akiwa ameshasimama.

Haula alikuwa na miaka ishirini na saba. Kabla ya mwaka 2021 alikuwa akimenya viazi katika jiko la wafanyakazi huko Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, saa kumi kwa siku. Siku moja alitumwa apeleke chai kwenye kontena la wahandisi. Aliona karatasi kubwa imetandazwa mezani, na mtu ameweka kidole juu yake akisema bomba litapita hapa. Haula hakuona bomba, aliona mistari. Miezi miwili baadaye, akienda kupanda basi la wafanyakazi, akalikuta bomba limepita palepale. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumsikia mtu akisema kitu kitakuwa mahali fulani, na kikawa.

Kisha ukaja ule mwezi wa Machi, wenye bunduki wakauvamia mji, na watu wakatawanyika. Haula na Zuleica walifika Pemba, mji wa huku bara, si kile kisiwa, wakakaa kwa shangazi yao. Mama yao alipotea porini wiki tatu, akatokea Pemba amekonda, amevaa viatu vya mwanamume asiyemtaja. Amani ilipoanza kusemwa redioni, yeye ndiye aliyetangulia kurudi Palma, peke yake, aezeke upya na kukandika kuta. Mabinti walimfuata baada ya mwaka. Haula aliingia chumba cha mwisho, kile alichokuwa akilala tangu utotoni, akasimama katikati.

"Mama, chumba hiki kimekuwa kidogo."

"Kila anayerudi anaona nyumba yake imekuwa ndogo," alisema Bi Biubwa. "Ni macho ya safari hayo. Yatapoa."

Yakapoa. Mtu huzoea.

Kozi ya kuchora ramani za majengo ilifanyika katika kituo kidogo, madarasa mawili na choo, nyuma ya ghala la saruji. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Mkandarasi mmoja aliahidi kuwachukua watatu watakaoshinda, wawe wasaidizi katika chumba cha michoro. Atakayeshindwa zoezi kubwa ataondoka. Mwalimu alikuwa mtu wa Nampula, mwembamba, jina lake Zito, na wanafunzi walimwita formador kama anavyoitwa mwalimu wa ufundi. Alifundisha kwa Kireno, akichanganya Kiswahili alichokiokota sokoni. Meza yake hakuiweka mbele ya ubao kama walimu wengine. Aliiweka pembeni, mgongo ukutani, uso mlangoni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Somo la kwanza la vista alilifundisha kwa sabuni. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakikata pembe moja kwa kisu hadi kikawa kama ngazi yenye kipandio kimoja.

"Nikisimama mbele yake naona nini? Nikiwa juu yake? Nikisimama kushoto?" Akazichora pande tatu ubaoni. "Ninachokiona kutoka juu nakichora chini. Ninachokiona kutoka kushoto nakichora kulia."

"Formador," alisema Bwanaheri, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Mtwara, ambaye Kireno chake kilikuwa cha kubahatisha na aliketi karibu na Haula ili amfasirie. "Hii ni desenho, kuchora kweli, au ni uganga?"

Darasa likacheka. Zito naye akatabasamu.

"Ni mwanga. Mwanga unakipiga kitu upande huu, kivuli chake kinaanguka upande wa pili. Wewe chora pale kivuli kilipoanguka."

Kisha akachukua msumari akaudidimiza juu ya sabuni hadi katikati, akauchomoa. Akainua sabuni ili waitazame kutoka mbele.

"Tundu mnaliona?"

"Hatulioni."

"Lipo?"

Wakasita. "Lipo."

"Basi linachorwa. Kinachoonekana kina mstari mzima. Kilichopo lakini hakionekani kina mstari wa kukatikakatika." Akauchora: kistari, nafasi, kistari, nafasi. "Mchoro hauna ruhusa ya kukaa kimya. Na vista tatu ni mashahidi watatu. Unawahoji mbalimbali. Wakisema neno moja, kitu ni cha kweli. Mmoja akitofautiana na wenzake, kuna jambo linafichwa."

Haula alimfasiria Bwanaheri maneno hayo kwa sauti ndogo, na alipokuwa akiyasema kwa Kiswahili aliyaona yana baridi ambayo kwa Kireno hayakuwa nayo. Mashahidi. Kuhojiwa mbalimbali. Wapo watu katika mji ule waliohojiwa mbalimbali.

Zoezi kubwa lilitolewa siku ya Ijumaa: kila mmoja aichore nyumba yake, vista tatu, na kuta za ndani kwa mstari wa kukatikakatika. Jumamosi Bi Biubwa alikwenda shambani kuangalia mihogo. Haula akaazima fita ya kupimia, Zuleica akashika ncha moja, wakaipima nyumba nzima, nje na ndani. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, vyumba vitatu vilivyopangana kwa mstari. Kuta zilikuwa za sentimita ishirini, na kwa kuwa aliupima mmoja mlangoni akaona zote ni hizo. Alichora siku nne, akifuta, akipuliza unga wa kifutio. Alipomaliza aliikung'uta karatasi, akaishika mbali na macho. Nyumba yao ilikuwa pale, nyeupe, haina moshi, haina hofu. Hakujua kama mtu anaweza kuipenda nyumba yake namna ile.

Baada ya kuikabidhi alimkuta mama yake uani akishona mkeka. Alikuwa akiushona tangu mwezi uliotangulia, na kila siku Haula alikuwa akimtania juu yake, kwa sababu ulikuwa mwembamba kama msala lakini mrefu kama chumba.

"Mama, msala gani huu? Utasalisha jamaa nzima kwa safu moja?"

"Wewe chora nyumba zako," alisema Bi Biubwa bila kuinua uso. "Mkeka niachie mimi."

Jumatatu asubuhi, Haula akiwa njiani, simu yake ilitetemeka. Kwenye grupo la darasa formador Zito alikuwa ametuma picha ya karatasi. Haula aliutambua mwandiko wake kabla ya kulisoma jina. Chini ya picha kulikuwa na maneno mawili: Tafuteni kosa.

Alipoingia darasani walikuwa wamekwisha kulipata.

"Karibu, mhandisi!" alisema Bwanaheri. "Nyumba yenu inakua nje, ndani inapungua."

Zito alikuwa ameandika tarakimu ubaoni. Nje, ukuta wa mbele: mita tisa na sabini. Ndani: vyumba vitatu, mbili na sitini, mbili na tisini, mbili na sabini na tatu. Kuta nne za ishirini ishirini. Akazijumlisha taratibu, sauti yake haina ubaya wowote, sauti ya mtu anayefurahia hesabu.

"Tisa na tatu. Nje ni tisa na sabini. Ziko wapi sentimita sitini na saba?"

"Zimeliwa na mchwa!" akasema mmoja.

"Ana chumba cha jini," akasema mwingine.

"Jini gani," akasema Bwanaheri. "Haula kaficha mume ukutani. Ndiyo maana tukimposa hataki!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Haula naye alianza kucheka, kwa sababu mtu akitaniwa hucheka, na kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni pale mwili wake ulipojua kabla yake. Sitini na saba. Bi Biubwa hakuwahi kupima kitu kwa fita. Alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kwa shubiri yake. Haula alikuwa ameshapima mikeka mingi ya mama yake ili iuzwe kwa wageni wanaotaka tarakimu, na alijua kwa moyo: dhiraa ya mama ni arobaini na sita. Shubiri yake ni ishirini na moja.

Akaukumbuka mkeka. Mwembamba kama msala, mrefu kama chumba.

"Nimekosea kupima," alisema. "Formador, ni kosa langu. Nitafuta."

"Hapana, usifute. Kosa ni mali ya darasa." Zito alikuwa amechangamka. "Tukibahatisha hatutajua kosa lipo wapi, nje au ndani. Kesho saa tatu darasa zima tunakwenda kupima nyumba ya Haula. Mazoezi ya mahali penyewe. Mama yako atatukubalia?"

Macho ya watu kumi na watatu anaowajua yalikuwa yanamtazama, na Haula akagundua kwamba kwa kweli yeye hawajui. Bwanaheri alikuwa na miaka miwili ambayo hakuna aliyejua alikuwa wapi. Mwenyewe alisema Mtwara. Yule aliyesema chumba cha jini alikuwa na kaka aliyechukuliwa na hajarudi. Walikuwa watu wazuri. Walicheka vizuri. Haula aliwatazama mmoja mmoja, akajiuliza yupi kati yao, akishikwa shingoni siku moja na kuulizwa wasichana wa mtaa huu wamejificha wapi, atakumbuka kwamba kuna nyumba yenye sentimita sitini na saba zilizopotea.

"Atakubali," alisema.

Alifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Zuleica alikuwa shule. Haula hakumsalimu mama yake. Aliingia chumba cha mwisho, akaubisha ukuta wa mwisho kwa kifundo cha kidole. Akaubisha ule wa pembeni. Ule wa pembeni ulikuwa na sauti nzito ya udongo uliojaa. Ule wa mwisho ulijibu kama ngoma iliyolegea.

Bi Biubwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Hakuuliza umejuaje. Hilo ndilo lililomtisha Haula zaidi.

Bi Biubwa alipiga magoti, akalisukuma kasha la nguo, akainua ubao uliopakwa udongo pale chini. Kulikuwa na tundu la kupita mtu akitambaa. Haula aliinama akachungulia. Alinusa udongo mkavu. Aliona mtungi wa maji umefunikwa, mfuko wa muhogo mkavu, nguo za zamani za kuziba mdomo wa mtu atakayekohoa. Sakafu ilikuwa tupu, ikiungoja mkeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Bi Biubwa aliketi juu ya kasha. "Unamkumbuka Cadija, wa nyuma hapa? Alikuwa na shimo uani, chini ya kuni. Shimo zuri. Waliolijua ni watu sita. Wale walipokuja wakamkamata shemeji yake barabarani, wakamuuliza. Yule bwana si mbaya, Haula. Hakumuuza mtu. Alikuwa anajua, basi. Anayejua ndiye anayeulizwa." Akaipangusa kanga yake magotini. "Nikasema nikijaliwa kurudi nitajenga pahali pasipojulikana na mtu, hata wanangu. Siku hiyo ikifika ndipo nitawasukuma ndani. Kabla ya hapo mkishikwa, mtasema hamjui, na itakuwa kweli. Kweli inaonekana usoni."

Haula alimweleza. Kozi, zoezi, picha, grupo, kicheko, kesho saa tatu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangapi wameiona hiyo picha?"

"Kumi na wanne. Na formador."

"Na simu zao zina watu wangapi ndani?"

Haula aliizima simu yake.

Wangeweza kukataa wageni. Lakini nyumba inayokataa kupimwa ni nyumba inayozungumzwa, na Palma siku hizi kuzungumzwa hakuna mwisho mwema. Wanajeshi nao huuliza: mnamficha nani? Wangeweza kusema ni ghala. Ghala lisilo na mlango? Walizunguka kwenye maneno hayo kwa muda mfupi tu. Kisha Bi Biubwa akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akachukua shoka dogo la kuni.

"Nilijenga siku ishirini na mbili," alisema. "Nilikuwa nikichota udongo kwenye ndoo kama mtu anayechota maji, wasinione."

Akapiga pigo la kwanza.

Walibomoa tangu adhuhuri hadi alasiri ikapita. Udongo ulikuwa unaanguka kwa vipande vikubwa, vumbi likawajaa puani, na kila pigo Haula aliomba mtu asipite njiani na kuuliza. Mtu alipita akauliza.

"Bi Biubwa, mnavunja nini?"

"Mchwa, baba! Wamekula ukuta. Ninakandika upya."

Fito walizipeleka jikoni. Udongo wakaumwaga uani wakaulowanisha. Miti iliyokuwa imesimamishwa sakafuni waliing'oa mmoja mmoja, kumi na tisa, na kila mmoja uliacha tundu. Wakayaziba kwa udongo mbichi, wakapiga sakafu kwa kiganja. Zuleica aliporudi aliambiwa habari ya mchwa, akaamini, akasema chumba sasa kizuri, kina hewa. Mama yake alimwangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa tatu asubuhi wakaja. Wanafunzi kumi na watatu na formador Zito, wameshika madaftari, wanabisha hodi kwa zamu kwa utani. Bi Biubwa alivaa kanga safi, akawapa chai ya tangawizi uani, akawaita wanangu. Haula alisimama karibu na mlango wa chumba cha mwisho. Kwa mwanga wa asubuhi uliopenya dirishani aliona kitu ambacho jana, kwa vumbi, hawakukiona.

Udongo wa matundu haukuwa umekauka. Sakafu yote ilikuwa ya kijivu, na juu yake, kutoka ukuta hadi ukuta, yalipangana madoa kumi na tisa meusi. Doa, nafasi, doa, nafasi. Mstari wa kukatikakatika, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Kasha walikuwa wameliweka pale pembeni, lilifunika madoa manne tu.

"Anzeni chumba cha kwanza," alisema Zito. Bwanaheri alishika fita na kusoma kwa sauti kubwa, mwenzake akiandika. Mbili na sitini, sawa. Chumba cha pili, mbili na tisini, sawa. Haula alisikia sauti zinakaribia. Wakaingia, wakajaa, wamesimama juu ya madoa bila kutazama chini, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye fita.

"Tatu na arobaini!" alisema Bwanaheri. "Formador, tatu na arobaini! Yeye kaandika mbili na sabini na tatu. Sitini na saba hizi hapa!"

"Ulipimaje, Haula?" aliuliza Zito.

Haula akalitazama kasha.

"Mwalimu, niulizeni mimi," alisema Bi Biubwa kutoka mlangoni, amebeba birika. "Kasha lilikuwa hapo ukutani. Huyu kapima akafika kwenye kasha, akasema basi, nyumba imekwisha. Tangu mdogo mvivu wa kusogeza vitu. Ukimwambia afagie, anafagia hadi kwenye kitanda, chini ya kitanda ni nchi nyingine."

Wakacheka wote. Haula aliinamisha kichwa kama mtu aliyeaibika, akashukuru kwamba uso uliotazama chini hauonekani.

Lakini Bwanaheri alikuwa amejifunza kuhesabu. Alikuwa ameinama tayari kwenye kasha, fita mkononi.

"Tuone kasha lina upana gani. Likiwa sitini na saba, mama kasema kweli."

Kasha lilikuwa na upana wa hamsini na mbili. Haula alijua, mama yake alijua. Birika lilitulia hewani.

Zito alikuwa anatazama sakafu.

Haula alimwona anavyotazama. Macho yake yalianzia kwenye doa la kwanza karibu na ukuta, yakaenda polepole hadi la mwisho, kama mtu anayesoma mstari mmoja wa kitabu. Kisha yakapanda kwenye ukuta, kwenye kovu refu la udongo mpya linalosimama kutoka chini hadi juu. Kisha yakamfikia Haula. Uso wake ulibadilika rangi. Yeye ndiye aliyetuma picha.

"Bwanaheri," alisema. "Tumekuja kupima nyumba, hatukuja kupima masanduku ya nguo za watu. Inuka."

"Lakini formador..."

"Inuka. Nje ni ngapi?"

"Tisa na sabini."

"Ndani na kuta?"

Bwanaheri alijumlisha kwenye daftari. "Tisa na sabini."

"Basi mashahidi wamekubaliana. Tokeni nje, chai inapoa."

Walipokuwa wanatoka, Zito alibaki nyuma. Mkeka mrefu ulikuwa umekunjwa kwenye kona. Alilisogeza kasha kando, akausukuma mkeka kwa ncha ya kiatu, ukajikunjua juu ya sakafu, ukayafunika madoa yote, kutoka ukuta hadi ukuta. Ulitosha kabisa. Alipompita Bi Biubwa mlangoni aligusa kifua chake kwa kiganja, akainamisha kichwa, akaenda kunywa chai.

Mchana ule picha ilitoweka kwenye grupo. Mahali pake palibaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Haula alikitazama kile kiboksi cha kijivu hadi skrini ikazima. Alijua simu ngapi huhifadhi picha zenyewe bila mtu kuziagiza.

"Yule mwalimu wako ameona," alisema mama yake.

"Ameona."

"Basi tuko watu watatu."

Wiki ya pili ikaja habari ya milio ya bunduki upande wa kusini. Watu kutoka upande wa Quiterajo walikuwa wanakwenda Awasse, wengine walikuwa wanasema hata Awasse si pa kukaa. Hakuna aliyejua ukweli wake. Sokoni mchele ulikwisha kabla ya saa nne. Bi Biubwa alisuka ukili siku nzima, vidole vikienda mbio, na Zuleica akikaa hata kidogo mlangoni aliitwa ndani.

"Haula," alisema mama yake alasiri moja, Zuleica akiwa kisimani. "Vile vita vyako vitatu. Vitumie. Nitafutie pahali ambapo mtu akipima nje akapima ndani, asigundue."

Haula alizunguka nyumba bila fita, akiipima kwa mkono wake mwenyewe na shubiri yake mwenyewe. Kila alipofikiri amepata, alijisimamisha mbele, akajisimamisha juu, akajisimamisha kushoto, na mmoja wa mashahidi akasema. Chini ya sakafu, kimo kinasema. Darini, paa linasema. Hakuna mahali duniani palipofichika pande zote tatu. Alichoweza kufanya ni kuzigawa zile sentimita: kuiba kidogo huku, kidogo kule, ukuta huu unenepe, ule uinamie ndani, ili yeyote atakayejumlisha akose vidole vitatu hapa, vinne pale, na aseme ni udongo, udongo haunyooki. Chumba hicho kipya hakukichora popote. Usiku alilala nacho, asubuhi aliamka nacho. Walikijenga kwa siku kumi na nne, Zuleica akiwa shule, na Haula ndiye aliyekuwa akichota udongo kwenye ndoo kama mtu anayechota maji.

Sasa alielewa kwa nini mama yake hakuwa amemwambia. Zamani alikuwa akipita kwenye kizuizi cha wanajeshi na uso wake ukiwa wa mtu asiyejua. Sasa, kila askari alipomwambia simama, fungua mkoba, alihisi kwamba kile chumba chembamba kinaonekana usoni mwake.

Siku ya mtihani wa mwisho waliambiwa wazichore nyumba zao tena. Haula alichora kwa saa tatu. Mbele, juu, kushoto. Alijumlisha mara mbili. Kila kitu kilikubaliana. Zito alipita kati ya madawati, akasimama nyuma yake, akaitazama karatasi.

"Mistari ya kukatikakatika imekwisha yote?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Imekwisha, formador."

Alichukua kalamu, akatia sahihi kwenye kona, akarudi kwenye kiti chake, mgongo ukutani.

Nje, kwenye barabara ya ghala la saruji, kitu kilipiga kishindo. Pengine pikipiki. Kalamu zote zikasimama. Vichwa vyote vikageukia mlangoni, na hakuna aliyesema ni pikipiki tu.

Haula hakugeuka. Alikuwa anahesabu. Kutoka kwenye dawati lake hadi kile chumba chembamba zilikuwa hatua elfu moja na mia nne akitembea. Kutoka shule ya Zuleica, mia tisa.